Samaki Waliosusa

Kabla ya kupanda ghorofani kwa Daktari, kwenye maabara ya samaki, Inspekta alisimama chini ya ngazi akamtazama samaki aliyestaafu.

Alikuwa kambare mweusi, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Makazi yake yalikuwa nusu ya pipa la plastiki, ubavuni mwa sinki la mama wa usafi. Sharubu moja ilikatika zamani, zilizobaki zilikuwa zikipepea majini polepole. Ubavuni mwa pipa mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: BABU. Inspekta alichovya kidole. Babu akaja bila haraka, akakipapasa kidole huku na huku, kisha akakimumunya ncha na kukiachia.

"Afande, huyo anakuonja," alisema Sajini. "Akikupenda tumepata mwenyeji."

"Na asiponipenda?"

"Basi atakuwa amesema wazi yale tunayoyanong'ona kituoni."

Siku nyingine Inspekta angecheka. Alikuwa mwanamke wa kucheka, tena kwa sauti, na vijana wa kituoni walikuwa wamempachika jina la Chai Baridi akalipokea bila kinyongo, maana kweli hanywi chai mpaka ipoe kabisa. Mumewe alikuwa akimtania kwamba kikombe chake kimiminwe jana ili akinywe leo. Lakini siku hiyo hakuwa na kicheko. Kule kituoni, kwenye chumba chenye dirisha moja la juu, mwanamke alikuwa amekaa sakafuni akinyonyesha, na mkuu wa kituo alikwisha sema kwamba alasiri atapandishwa gari, apelekwe mahakamani, asomewe kosa la kumuua mumewe kwa sumu. Kosa la namna hiyo halina dhamana. Mama mkwe alikwisha kuja mara mbili kumdai mtoto.

Marehemu alikuwa mkuu wa maabara hii ya kupima chakula cha samaki. Watu wote walimwita Sharubu, kwa masharubu yake mwenyewe na kwa samaki wake. Asubuhi aliingia kazini mzima, mchana akarudi nyumbani anatapika, jioni akafa. Hospitali ilisema ni sumu, ila sumu gani, mkemia wa serikali alikuwa bado anatafuta, na mkemia wa serikali hakimbizwi. Chakula cha marehemu kilifungwa na mkewe. Kwa mkuu wa kituo hesabu ilikuwa imeisha.

Mwanamke mwenyewe alikuwa na neno moja tu la kujitetea. "Alinipigia simu asubuhi, dada," alimwambia Inspekta. "Akasema chai ya leo ina uchungu kama dawa, na hata samaki wamesusa. Akacheka. Chakula changu alikirudisha hakijafunguliwa, nikakimwaga na kuosha sahani kama siku zote. Ningejua wataniuliza sahani, dada, ningeosha?"

Kituo kizima kilicheka. Shahidi wake ni samaki! Sajini ndiye aliyepiga simu maabara kuuliza kama kweli samaki walisusa siku ile, akajibiwa kwa upole kwamba samaki wa hapa hawana tabia hiyo, waje wenyewe waone. Inspekta alijibana, akaomba apewe asubuhi moja. Akapewa, kwa masharti na manung'uniko.

Daktari aliwapokea mlangoni. Hakuwa daktari wa watu, alikuwa daktari wa samaki, mwembamba, koti jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Tangu kifo cha Sharubu ndiye aliyekaimu nafasi yake. Aliwatangulia kwenye chumba kirefu chenye mapazia mazito, matangi ya kioo yamepangwa pande zote mbili, mashine za hewa zikinguruma chini kwa chini. Katika kila tangi kambare walikuwa wamelala juu ya changarawe bila kujitikisa. Inspekta alipita mbele yao asione hata mmoja anayegeuza kichwa. Babu kule chini alikuwa amekuja kumsalimu mwenyewe, bila kuitwa.

"Wametulia kweli," alisema.

"Wamezoea wageni," alijibu Daktari.

"Nieleze basi wanafanya kazi gani, Daktari. Mimi samaki namjua akiwa kwenye sahani."

Watu waliosoma wana ugonjwa mmoja: ukiwauliza kile wanachokipenda, hawajui kunyamaza. Daktari alinyoosha kalamu kwenye kioo.

"Wewe ulimi wako uko mdomoni. Huyu amevaa ulimi mwili mzima. Midomo, matamvua, mgongo, mpaka mkiani. Na zile sharubu ndizo kali kupita zote. Ukizitazama kwa hadubini unaona vitufe vidogo, mfano wa kichwa cha kitunguu saumu. Kila punje ni chembe moja hai, ncha yake imechungulia nje, inagusa maji. Chembe nyingine zinatambua ladha ya nyama, nyingine zinatambua uchungu. Ladha ikigusa ncha, chembe inaamka, inaupasha habari mshipa wa fahamu ulio chini yake, na mshipa unapeleka kwenye ubongo. Meza au tema. Basi. Hajafungua hata mdomo, ameshajua."

"Na kazi yenu hapa?"

"Kampuni ikitengeneza chakula kipya, sisi tunakichanganya na jeli, tunakata vipande, tunawaonjesha. Akimeza, chakula kinapita. Akitema, kinarudi kwa mwenyewe. Kipimo chetu cha uchungu ni kwinini, ile dawa ya malaria. Kambare hata awe hajala wiki nzima, ukimpa kwinini anatema."

"Kwa hiyo hadanganyiki."

"Hadanganyiki." Daktari alitabasamu. "Ila ni dhaifu. Ulimi wako una mlango, unafunga mdomo. Wake uko nje, wazi. Sabuni kidogo tu, au ule mrututu wa samawati wa kuulia ukoga bwawani, zile chembe zinaungua. Lakini Mungu fundi, baada ya muda zinaota nyingine."

Inspekta alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za harusi ya watu asiowajua.

"Hiyo jeli mnaipikia maji gani?"

"Ya moto. Ya birika."

"Birika la chai?"

Daktari alicheka kwa mara ya kwanza. "Tulimkataza Sharubu mpaka tukachoka! Anachemsha mara moja, nusu kwenye jeli, nusu kwenye kikombe chake. Anasema maji ni maji."

"Birika lenyewe liko wapi?"

"Liliungua. Nimenunua jipya."

"Na jeli ya siku ile?"

"Imetupwa. Jeli haikai, Inspekta."

Sajini alimtupia bosi wake jicho. Inspekta akafungua mkoba, akatoa chupa ya kuwekea barafu, akatoa ndani yake kitu cheupe na kukilaza juu ya meza. Kilikuwa kidole kimoja cha glavu ya mpira, kimefungwa fundo mwishoni, kimejaa vipande vilivyoganda.

"Mke wa marehemu alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na mumewe," alisema. "Friji lake limejaa vidole. Samaki wakifanya kitu asichokielewa, Sharubu anachota vipande vya jeli, anavitia kwenye kidole cha glavu, anaondoka navyo nyumbani akavichunguze kwa nafasi. Siku ile alifika hajiwezi, lakini kidole alikiweka. Nusu nimempelekea mkemia. Hii nusu nimekuja nayo kwako, maana mkemia ataniambia ni sumu gani baada ya wiki. Samaki wataniambia leo kama kitu kipo."

Daktari alikitazama kile kidole, akajifuta viganja kwenye koti.

"Wazo zuri sana," alisema. "Lakini lazima barafu iyeyuke kwanza. Ngojeni niwaletee chai."

Alirudi na vikombe viwili kwenye sinia, na bakuli la sukari. Yeye mwenyewe alisema tumbo halimkai vizuri. Sajini, ambaye chai kwake ni dini, alikunywa funda moja akakunja uso.

"Daktari, chai yako ina uchungu kidogo."

"Majani makali hayo. Ongeza sukari."

Sajini akaongeza, akakoroga, akanywa. Inspekta alikishika chake mkononi, akakiacha kifuke moshi. Akili yake yote ilikuwa kwenye kile kidole cha glavu.

Barafu ilipoyeyuka, walianza. Daktari alidondosha kwanza kipande cha jeli mpya isiyo na kitu. Kambare aliyekuwa karibu alikisogelea, akakimeza. Kisha Daktari akachukua koleo, akatoa kipande kwenye kidole cha glavu, akakishusha taratibu. Inspekta aliinama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

Kambare akakimeza.

Wakajaribu tangi la pili. La tatu. Kila kipande kilizama, kila kipande kilimezwa, na hakuna aliyetema wala kusita.

"Pole, Inspekta," alisema Daktari, na kweli sauti yake ilikuwa ya pole. "Hakuna kitu humo. Maji ya birika yalikuwa safi. Nadhani yule mama mmemshika kwa haki."

Inspekta alimwona akilini yule mwanamke sakafuni, kichwa cha mtoto kimejaa kiganjani. Alikuwa amemwambia asilie, na sasa alikuwa amemdanganya. Sajini alimaliza chai yake, akatua kikombe kwenye sinia.

"Twende, afande?"

"Ngoja kidogo."

Ukutani karibu na mlango kulikuwa na kisanduku cha huduma ya kwanza. Inspekta alikifungua, akapekua bandeji na spiriti, akapata alichokuwa akikitafuta: pakiti ya vidonge vya kwinini vya miaka mingi. Alikiponda kimoja kwa kitako cha chupa, akaokota kipande cha ile jeli mpya, akakigaragaza kwenye unga ule mpaka kikawa cheupe.

"Inspekta, hivyo sivyo tunavyopima," alisema Daktari.

"Mimi si mtaalamu. Nivumilie."

Alikidondosha mwenyewe. Kipande kilishuka kikiacha vumbi jeupe majini. Kambare akajivuta, akafungua mdomo, akakimeza kama anavyomeza vingine vyote, akatulia.

Inspekta alijifuta unga vidoleni.

"Labda wana njaa," alisema Daktari.

"Umeniambia hata akikaa wiki hajala, anatema."

"Kuna siku na siku."

"Sajini," alisema Inspekta bila kugeuka, "hebu tia mkono kwenye tangi hilo, ukamue lile sponji la kuchujia maji."

Sajini alikunja mkono wa shati. Sponji lilipominywa juu ya sinia, yalitoka maji yenye rangi ya samawati, mepesi lakini ya samawati, yakatambaa kuzunguka bakuli la sukari.

"Loo!" alisema Sajini. "Hawa wameunguzwa ulimi."

"Mrututu ni dawa," alisema Daktari haraka. "Walikuwa na ukoga. Kila mfugaji anatia."

"Katika matangi yote? Yale yale mnayopimia ladha? Ukijua kwamba unaua zile chembe?" Inspekta alizungumza polepole, maana ndiyo kwanza na yeye alikuwa akiyaona. "Mke wa Sharubu hajui chembe wala mrututu. Angetia sumu, angeosha sahani akalala. Mtu pekee anayeweza kuwaogopa samaki ni yule anayejua kwamba samaki wanasema. Sajini alipokupigia simu kukuuliza kama walisusa, ulijua tutakuja. Ukawaziba midomo."

"Hizo ni hadithi."

"Na sidhani kama ilikuwa mara yako ya kwanza. Chakula kibovu kinapitaje hapa, Daktari, kama samaki hawadanganyiki? Kinapita wakiwa hawana ulimi, na mwenye chakula hakosi kukushukuru. Sharubu alishangaa nini mpaka akawa anabeba vidole vya glavu nyumbani usiku na mchana? Alikuwa anajiuliza kwa nini wanakula takataka."

Koti la Daktari lililopigwa pasi lilikuwa limelowa kwapani.

"Huna ushahidi hata wa karatasi ya kufungia karanga," alisema. "Samaki wangu wamemeza kila ulichowapa. Hicho ndicho utakachosema mahakamani."

Hapo alikuwa na haki, na Inspekta alijua. Mrututu peke yake haumtoi mtu rumande. Alishika kidole cha glavu na kipande cha jeli mpya kwa mkono mmoja, kikombe chake kwa mkono wa pili kama alivyozoea kutembea nacho kituoni, akaelekea mlangoni.

"Kuna mmoja hukumpa dawa," alisema. "Alistaafu kuonja, kwa hiyo ulimsahau."

Waliteremka ngazi wote watatu, Daktari katikati. Mama wa usafi alikuwa akisuuza matambara, akasogea kuwapisha. Inspekta alipiga magoti mbele ya pipa, akaweka kikombe kwenye ukingo wa sinki, akadondosha kipande cha jeli tupu. Babu akakipapasa, akakimeza. Kisha akadondosha kile cha kidole cha glavu.

Sharubu za mzee zilikigusa. Alirudi nyuma. Akakizunguka, akakichukua mdomoni mara moja, kama mtu anayetaka kuhakikisha, halafu akakitema kwa nguvu kikagonga ukuta wa pipa. Alijitupa upande wa pili, akaanza kusugua midomo yake kwenye plastiki, huku na huku.

"Kasusa!" alisema mama wa usafi. "Babu huyu hata ganda la ndizi anakula."

Inspekta alikaribia kucheka. Yule mwanamke hakusema uongo! Kiu ilikuwa imemshika, na chai sasa ilikuwa imepoa jinsi anavyoipenda. Alikichukua kikombe, akakiinua, na kwa juu ya ukingo wake akamwona Daktari. Daktari hakuwa akimtazama samaki. Alikuwa akitazama kikombe.

Mkono wa Inspekta ulisimama karibu na mdomo. Chai ya leo ina uchungu kama dawa. Chai yako ina uchungu kidogo. Maneno yale yale, siku mbili mbalimbali, na la pili lilisemwa mbele yake, masikioni mwake, akalipita kama hajalisikia.

Alichovya kidole kwenye chai, akakishusha pipani kama alivyofanya alipoingia. Babu alikuja, akakigusa kwa ncha ya sharubu moja. Maji yaliruka yakamlowesha Inspekta kifua. Mzee alikuwa amejikunja chini kabisa ya pipa, mbali naye kadiri alivyoweza.

"Sajini," alisema. "Ulikunywa yote?"

Sajini alikitazama kikombe mkononi mwa bosi wake, akamtazama samaki, akamtazama Daktari. Aliketi polepole kwenye ngazi.

"Yote, afande. Na sukari nne."

"Mama, mletee maji, atie kidole kooni, sasa hivi." Inspekta alikwisha shika simu sikioni, na mkono wa pili alikuwa amekamata kola ya lile koti jeupe. Alipiga kwa mkuu wa kituo. "Leta gari la wagonjwa maabara ya samaki. Ndiyo, la wagonjwa. Usiniulize, lete." Kisha akamgeukia Daktari, nyuso zao karibu kabisa. "Sumu yako ina subira. Sharubu alikunywa asubuhi akaanguka mchana. Ulitaka tukaangukie mbali na hapa, ukasema polisi wamekula vibandani. Haya. Hospitali haitibu kitu isichokijua jina. Ulitia nini?"

"Ni chai tu."

"Basi kunywa." Alibana simu begani, akakitwaa kikombe, akamsogezea mpaka ukingo ukagusa midomo yake. "Kunywa, nami nitakuomba radhi mbele ya watu wote."

Daktari alikaza midomo. Kichwa kilirudi nyuma mpaka kikagonga ukuta, na bado alikuwa akijivuta. Nyuma yao Sajini alikuwa ameinamia ndoo, mama wa usafi akimpigapiga mgongo na kumwita mwanangu.

"Umeua mmoja," alisema Inspekta. "Huyu akifa, ni wawili. Hicho ndicho kitu pekee kilichobaki mikononi mwako leo. Taja."

Daktari alimtazama Sajini, akalitazama pipa. Kisha akalitaja jina la sumu, kwa sauti ya chini, kwa ufasaha wa mtu aliyesoma, na alipokwisha kulitaja akateleza na ukuta mpaka chini.

Inspekta alilirudia kwenye simu, akalitamka tena silabi kwa silabi mpaka aliposikia linaandikwa.

"Mkuu," alisema, "na yule mama?"

"Asubuhi yako imekwisha. Gari limeshatoka naye."

"Lirudisheni."

"Kwa ushahidi gani?"

Inspekta aligeuka kumtazama Sajini, aliyekuwa anatetemeka juu ya ndoo, jasho linamtiririka shingoni, bado anajitahidi kumtolea bosi wake tabasamu.

"Wangu mmoja ameunywa," alisema. "Lirudisheni gari."